Pua ya Mazuku

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini, kwa moyo wote na kwa meno yote, kwamba mazuku ina pua.

Cheka tu, rafiki yangu, mapema. Kama wewe si mtu wa Goma, nikueleze kidogo. Mji wetu umekaa juu ya mawe meusi yaliyoshuka kutoka mlimani yakiwa uji wa moto. Kati ya mawe hayo, hasa upande wa magharibi, kuna vishimo na vibonde vyenye majani mabichi kuliko majani ya mahali pengine popote duniani, na dunia nzima nimeizunguka mpaka Rutshuru. Mbuzi anaingia humo asubuhi akiwa mzima, anainama ale, haamki tena. Hana jeraha, hana povu mdomoni. Kitu kinachomuua ndicho tunachokiita mazuku. Wakubwa walisema ni upepo mbaya, wakaishia hapo. Sisi watoto hatukuishia hapo. Tulijua kwamba mazuku ni pua, pua kubwa kama mtumbwi, imelala chini ya mawe bila macho wala masikio, na kazi yake ni kunusa dhambi. Mtu safi anapita. Mwenye dhambi anavutwa mara moja, fuu, kama ugoro.

Ushahidi tulikuwa nao wa kujaza mahakama. Mbuzi aliyekufa mwaka ule alikuwa mwizi wa maharage, kijiji kizima kilijua. Mbwa aliyekufa aliwahi kula nyama ya wageni wa kanisa. Na wale ndege yangeyange watatu tuliowakuta wamelala ubavu? Kiburi cha weupe wao, tukasema, kesi imekwisha. Mimi mwenyewe nilidanganya kama mara arobaini kwa siku, kwa hiyo kila baada ya uongo nilijisugua majani ya mkaratusi mwili mzima ili pua isinipate. Kuna siku nilipita uani na kuku wakakohoa.

Juzi nilirudi kule. Leo wanapaita Katoyi, nyumba za mbao zimebanana kama meno, lakini shimo moja bado lipo, na ukingoni wamesimamisha kibao chenye picha ya fuvu la kichwa na maneno ya Kifaransa. Wanawake walipita na ndoo zao bila kukitazama. Nilisimama muda mrefu mpaka kijana wa pikipiki akanionea huruma.

"Muzee, umepotea?"

"Hapana," nikamwambia. "Nimefika."

Maana shimo lile lilikuwa shamba la nyanya, bibi yangu.

Tulikuwa tumeshuka kutoka milima ya Masisi, baba, nyanya na mimi. Mama alibaki juu na wadogo zangu kutunza mashamba. Baba alibeba magunia ya kahawa katika ghala moja karibu na bandari, akirudi jioni na harufu ile ya kahawa mbichi shingoni. Mbele ya nyumba yetu hapakuwa na udongo wa kujaza hata kiatu. Mvua iliponyesha, mawe yaliinywa yote na kutuacha na kiu, tukateka maji ziwani na kupanda nayo kichwani, miguu ikikatwa na mawe. Ndiyo maana nyanya alipoona lile shimo lenye udongo mweusi, laini kama unga, alipiga vigelegele. Akapanda lengalenga, yaani mchicha, na viazi vitamu. Nakuapia, majani ya lengalenga yale yalikuwa makubwa kiasi kwamba jani moja lingemfunika mtoto mchanga mvua isimguse.

Nyanya alikuwa na tabia moja. Kila asubuhi, kabla ya kuchochea moto, alichuchumaa mbele ya mafiga na kusema kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani: "Baba Mungu, unipatie hekima ya leo. Ya kesho nitakuja kuomba kesho." Halafu alianza kuuliza. Chumvi imebaki kidogo, niweke leo ama ningoje Jumapili? Baba wa mutoto amerudi na hasira, nimuulize ama nimupe chakula kwanza? Alikuwa anamuuliza Mungu mambo ambayo mimi ningeona haya kumuuliza hata mtoto mwenzangu. Kisha alinyamaza. Hapo ndipo palikuwa na kazi, katika kunyamaza. Maharage yalichemka, bulu-bulu-bulu, moshi ulizunguka machoni, na yeye alingoja kama mtu aliyetuma mjumbe ng'ambo ya ziwa. Mwishowe alipiga goti lake kofi.

"Basi. Chakula kwanza."

"Nyanya, Mungu amekujibu?"

"Amejibu."

"Mimi sikusikia."

"Hakukujibu wewe, bwana yangu mudogo."

Aliniita hivyo, bwana yangu mdogo, kama nyanya wote wanavyowatania wajukuu wa kiume, na alinidai kuni kila siku kama mke anayejua haki yake. Nikimwuliza Mungu anajibu kwa sauti gani, alisema Mungu anaazima vinywa vya watu, leo cha huyu, kesho cha yule, na mtu anayechagua vinywa atakosa jibu lake. Neno hilo lilimfanya asikilize kila mtu. Kumbuka hilo, maana ndilo lililomuua.

Msimu wa kwanza tu, mbuzi wetu mmoja aliingia katika shamba lile akabaki humo. Nyanya alilia, halafu akachuchumaa kuomba hekima: ama aache udongo ule mzuri, ama afanye nini? Mchana wake akatokea jirani yetu, mfugaji mrefu mwenye ng'ombe watatu na mrija wa kunywea kasiksi, ile pombe ya ndizi, ambao haukutoka mdomoni. Huyu aliiezeka nyumba yetu kwa mikono yake tulipofika, lakini kanisani hakukanyaga tangu walipomhoji juu ya mke wa pili.

"We mulevi," nyanya akamsalimu, "leo unaona jua ngapi?"

"Mama, naona moja tu, na iko inasema uniletee maharagi."

Alikula, akafuta mdomo, kisha akachukua ukuni unaowaka mafigani na kumpeleka nyanya ukingoni. Nilifuata. Alimwonyesha: shusha moto mbele yako, chini, mbele ya miguu. Ukiwaka, shuka nao hatua moja. Ukiwaka tena, hatua nyingine. Ukizimika, usiulize, rudi. Ngoja upepo wa ziwa uamke, jaribu tena.

Jioni nyanya alimwambia baba: "Niliomba hekima, Mungu akanitumia mulevi. Mimi ni nani nikatae mutumwa wake?"

Tangu siku ile hakushuka shambani bila ukuni wa moto. Mimi nilisimama juu na kikapu, nikamtazama anavyoshuka ameinama, moto mbele, midomo ikitembea, maana alikuwa bado anaomba. Siku nyingine moto ulisimama wima mpaka chini na tukala lengalenga. Siku nyingine, ulipofika usawa wa magoti yake, ulipungua, ukawa mdogo kama ukucha, ukafa, kana kwamba mtu ameubana kwa vidole. Nyanya aligeuka papo hapo, bila manung'uniko. "Leo hapana." Tukala maharage peke yake.

Sasa kulikuwa na mwalimu wa kanisa. Sitamsema vibaya, maana ndiye aliyenifundisha herufi, na nilimpenda kuliko sukari. Alikuja kwa kinga, yaani baiskeli, yenye pedali moja, mguu mmoja ukifanya kazi na mwingine ukipumzika, na kengele yake ya kanisa ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Alipoigonga, ngai, ngai, hata samaki walijua ni Jumapili. Asubuhi moja alipita njia ya juu akamwona nyanya anashuka shimoni na moto mkononi, midomo ikitembea. Hakuuliza. Wazee wa milimani, miaka ya nyuma, waliwahi kuwawashia moto pepo wa volkano, na yeye alijua hilo. Akajumlisha moto na midomo, akapata jibu lake, akapanda kinga yake akaenda.

Katika kalasi, yaani darasa la ubatizo, akasema: "Kuna watu wanakuja kuimba hapa Jumapili, na siku ingine wanawashia mulima moto. Mazuku inawajua. Nyumba ya namna hii, mimi sitabatiza mutoto wake." Watoto wote wakageuka kunitazama. Hata wale waliokuwa wamelala wakaamka ili wanitazame.

Baadaye aliniita kando, akaniwekea mkono begani.

"Wewe ni mutoto wa akili. Siku ya ubatizo inakaribia. Ongea na nyanya yako."

Niliongea naye. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Umwambie mwalimu aje tushuke naye. Nitamupa moto wake."

Lakini mimi sikucheka. Nilikuwa na shati jeupe lililokwisha kushonwa, limekunjwa chini ya mkeka. Na zaidi ya shati, nilikuwa na ile pua. Niliiona usingizini na mchana macho wazi. Mwalimu amesema moto ule ni dhambi, na nyanya anashuka nao kila asubuhi mpaka puani kabisa, kama mtu anayempelekea mbwa nyama mdomoni! Nilimpenda nyanya yangu. Naomba ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata, maana mimi mwenyewe kuna miaka nililisahau.

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, niliamka kabla yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nje ukungu ulilala juu ya mawe bila kutikisika, hakuna jani lililocheza. Makaa ya jana yalikuwa bado mekundu chini ya majivu. Nikachuchumaa kama yeye, nikasema maneno yake: "Baba Mungu, unipatie hekima ya leo." Kisha nikachukua kibuyu cha maji ya ziwa na kumimina chote, mpaka mafiga yakaogelea. Sikungoja jibu. Ukiniuliza leo tofauti kati ya sala ya nyanya na sala yangu, ni hiyo tu. Yeye aliuliza akanyamaza. Mimi niliuliza mkono ukiwa tayari umeinamisha kibuyu.

Alipoamka alisimama mbele ya jiko lake.

"Bwana yangu mudogo, moto wangu umezimwa na nani?"

"Na mvua, nyanya. Nyumba inavuja."

Alitazama juu, akatazama chini, akanitazama mimi. Jirani mfugaji alikuwa ameondoka siku mbili na ng'ombe zake kwenda Masisi, kwa hiyo hapakuwa na moto wa kuazima karibu. Alichukua kisu na kuniambia nibebe kikapu. Kesho mwanamume wake anabatizwa, akasema, atamlishaje maharage peke yake kama mfungwa?

Ukingoni alisimama. Alitazama ule ukungu kwa muda mrefu.

"Moyo wangu unasema tungoje upepo," akasema. "Ama niende kule ngambo kuomba moto."

Hapo, rafiki yangu, bado kulikuwa na nafasi. Ningenyamaza tu. Kunyamaza ni kazi ya bure, hata jiwe linaiweza. Lakini mimi nilikuwa nimesikia neno "moto", nikaona shati langu jeupe likiruka kama ndege.

"Nyanya, mwenye imani hana haja ya moto. Mungu atakulinda."

Aligeuka akanitazama, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu.

"Eh! Kumbe mutoto amekuwa mwalimu!" Akanishika kidevu. "Nilimusikia mulevi. Nitakataa kumusikia mutoto wa kubatizwa kesho?"

Akashuka.

Alikata konzi ya kwanza ya lengalenga, akakata ya pili. Akashika paji la uso, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Akakaa. Halafu akalala ubavu, polepole, kwa adabu, vile alivyolala kwenye mkeka wake. Nilimwita. Nikamwita tena. Nilitaka kushuka, mguu mmoja ulikwisha kukanyaga jiwe la kwanza. Lakini nilikuwa na uongo mdomoni, uongo wa mvua, wa moto kabisa, na siku ile sikuwa nimejisugua mkaratusi. Nilijua pua itaninusa. Nikarudisha mguu na kukimbia nikipiga kelele. Ona basi: kama ningekuwa mtoto mkweli, ningeshuka.

Baba alikuja na wanaume na kamba. Walikataa kushuka mpaka upepo wa ziwa ulipoamka na ukungu ukaanza kutembea. Walipompandisha, mkono wake ulikuwa bado umefunga lengalenga.

Mchana wake tulimzika. Rimu ya kanisa haikulia. Mwalimu alituma neno kwamba mazuku imekwisha kuhukumu, yeye hana la kuongeza. Wakristo wenzake nyanya, aliowasaidia kuzaa na kuwapikia wagonjwa wao, walisimama mbali, juu ya mawe, kama yangeyange. Kaburi katika mawe yetu halichimbwi, linavunjwa. Baba alivunja kwa mtarimbo mpaka viganja vikatoka damu, na sauti ya chuma ile juu ya jiwe, ngai, ngai, ndiyo kengele pekee nyanya yangu aliyoipata. Aliyetoka kanisani kila Jumapili wa mwisho, akiokota hata vibuyu vilivyosahauliwa na wengine!

Kesho yake nilibatizwa. Mwalimu alisema nyumba yetu sasa imesafishwa. Nilivaa shati jeupe, maji yakanimwagikia kichwani, yakiwa ya baridi, na yalitoka ziwa lile lile lililojaza kibuyu changu.

Ningependa kukuambia kwamba nililia miaka mingi. Hapana. Nilinenepa. Niliposimama mbele ya watoto wenzangu kutoa ushuhuda, nilisimulia jinsi nyanya yangu alivyochukuliwa kwa sababu ya moto wa mapepo, na mimi, niliyesimama hatua tatu tu kutoka puani, nikaachwa kwa usafi wangu. Kila mwaka moto wa nyanya uliongezeka. Ulianza ukiwa ukuni mmoja. Nilipofika miaka kumi na minne ulikuwa mwenge wa kuangaza mpaka Bunagana. Watu waliguna kwa hofu, na mimi niliona utamu. Jambo moja tu sikuwahi kulisimulia, lile la kibuyu.

Kisha nikaingia masomo ya jioni, baada ya kazi za ghalani, nikakaa kwenye benchi na wanaume wenye ndevu. Nilifaulu, nikapewa sertifika yenye mhuri mkubwa kama sahani. Nilijua mito ya Ubelgiji kwa majina, na jinsi reli yao inavyopita chini ya milima. Juu ya hewa ya shimo lililokuwa nyuma ya nyumba yetu, hakuna mwalimu aliyefungua kinywa, wala mimi sikuinua kidole kuuliza. Nani angeuliza jambo analolijua?

Sasa karibu vyote vimekwisha. Shamba limetupiwa takataka na mawe, rimu iliuzwa, mti wake umekuwa makaa. Baba alirudi Masisi na huko akabaki. Kaburi la nyanya liko chini ya nyumba ya mtu asiyejua anakanyaga nini. Hata ladha ya lengalenga ile imepotea. Nanunua sokoni, naweka chumvi, naongeza chumvi, si yenyewe. Kila asubuhi nachuchumaa na kusema maneno yake, nikiwa mzee kuliko yeye alivyokuwa, halafu nanyamaza. Nanyamaza sana. Ninachokisikia katika kunyamaza kule ni sauti ya maji juu ya makaa.

Sauti hiyo ilianza siku nilipompelekea yule mfugaji sertifika yangu aione. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya masomo, yeye amekwisha kuwa mzee, ng'ombe amebaki mmoja, macho yana ukungu, mrija uko palepale. Nilimsomea karatasi yote mpaka mhuri. Alisema vizuri, vizuri sana, basi sasa nimwambie mama yule alikufaje, maana aliporudi kutoka Masisi alikuta kaburi na hakuna aliyetaka kuongea na mlevi. Nikasimama nikatoa ushuhuda wangu kwa sauti ya kanisani, moto, mapepo, pua, mimi na usafi wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa mrija mdomoni.

"Siku ile hakubeba moto?"

"Hapana, muzee. Jiko lilizimika. Mvua ilivuja."

Alinyamaza kama nyanya alivyonyamaza.

"Nyumba ile niliezeka mimi," akasema. "Haikuvuja hata siku moja."

Sertifika ilikuwa bado mkononi. Hakuniuliza zaidi. Alipapasa hewani mpaka akapata goti langu, akaweka mkono wake hapo, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda ziwani:

"Mutoto wangu, mazuku haina pua. Ni hewa tu, ni nzito, inajaa katika shimo kama maji. Pahali moto inazimika, na mutu atazimika. Nyanya yako alikuwa anapima."